Mrejesho: Snake Eyes wa G.I. Joe aliyeachana kiunoni

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kumtengeneza mwanasesere wangu wa Snake Eyes, yule komandoo asiyesema neno katika mfululizo wa wanasesere wa kijeshi wa G.I. Joe, ambaye miguu yake ilikuwa imeachana na kiwiliwili na kidole gumba cha mkono wa kulia kimekatika.

Kuhusu toleo, nilitazama uso kama mlivyonielekeza: kinga ya macho ina mianya ya mlalo, kwa hiyo huyu ni wa 1985, aliyeuzwa pamoja na mbwamwitu wake Timber, wala si yule wa 1982 ambaye watengenezaji wake, kampuni ya Hasbro, walimtoa mweusi mtupu bila kumpaka rangi ili kupunguza gharama.

Kiuno kimepona. Nilifungua skrubu ya mgongoni kwa bisibisi ndogo ya nyota, na ndani nikaikuta pete ya mpira, ile inayoshikilia miguu na kiwiliwili pamoja, imeoza, imebaki vipande vya kunata kama lami. Nikavikwangua, nikapitisha pete mpya kwenye ndoano ya chuma inayounganisha miguu, kisha nikakaza skrubu bila kulazimisha, kwa kuwa plastiki ya umri huo hupasuka upesi. Sasa anasimama wima, na hata kukaa anakaa.

Kidole gumba ndicho kilichoshindikana. Gundi ilishika, lakini kilikatika tena mara tu nilipomshikisha upanga. Mwenzetu aliyesema gundi haitafaa, na kwamba nitafute mkono mzima kutoka kwa mwanasesere mwingine aliyeharibika, alikuwa sahihi, na huo ndio ninaoutafuta. Kwa sasa upanga anaushika kwa mkono wa kushoto.