Mrejesho: Windows au Linux, ipi inakula tokeni za umeme kidogo?

Wadau, niliwauliza kama kubadilisha mfumo endeshi kwenye kompyuta za saiba yangu hapa Umoja, Nairobi, kutoka Windows kwenda Linux kutapunguza tokeni. Asanteni sana kwa majibu.

Nilinunua kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi pale barabara ya Luthuli, nikapima mashine ileile kwa Windows 10 na kwa Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Kwenye kazi nzito sikuona tofauti ya maana. Tofauti iko mashine ikikaa bure: Windows iliamka kila mara kuorodhesha mafaili na kupakua masasisho, prosesa haipati usingizi mzito. Ubuntu ilitulia, lakini baada tu ya kuweka draiva sahihi (programu inayoiendesha) ya kadi ya picha. Kabla ya hapo ilikula zaidi ya Windows! Aliyenionya kuhusu draiva, ubarikiwe.

Kilichookoa zaidi ni kulaza mashine (sleep) mteja akiondoka, na mifumo yote miwili inaweza. Wati 60 kwa saa 10 bila mtu ni uniti 0.6 za umeme kwa mashine moja, na mashine ninazo sita.

Windows nimeibakiza kwa wanaojaza ritani za kodi za KRA, maana fomu ile ya Excel inataka makro, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya Excel. Zilizobaki ni Ubuntu.