Naombeni ushauri: uvungu wa nyumba una unyevu, nizibe matundu ya hewa au niongeze?

Kisiki_Kikavu (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Nyumba yangu ina sakafu ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo fupi. Chini kuna uvungu wa nusu mita hivi, umezungushiwa ukuta wenye matundu ya hewa. Sasa ni miezi kadhaa nyumba inanuka uvundo, ile harufu ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Ubao mmoja wa korido umeanza kubonyea. Swali langu ni moja tu: nizibe matundu na kutandika nailoni juu ya udongo, au niongeze matundu hewa ipite? Fundi anakuja Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Mpiga_Msasa
Ongeza matundu. Shuka unaanika nje, huaniki kabatini. Kwisha habari.

BintiFundi
Mpiga_Msasa, si rahisi hivyo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70 inageuka maji ikigusa kitu cha nyuzi 24 hivi kushuka chini. Uvunguni jua haliingii, udongo na mabomba ni ya baridi. Unaingiza hewa ikaushe, kumbe unaingiza umande. Ila ukiziba matundu bila kufunika udongo, umetengeneza chungu chenye mfuniko.
Mleta uzi, maji yanatoka wapi? Gata zinamwaga wapi? Ardhi inainama kuelekea nyumbani au kwenda nje?

Kisiki_Kikavu
Gata zinamwaga mbali. Ardhi inainama kwenda nje. Mabomba hayana shida. Mimi nataka kujua habari ya nailoni na matundu tu.

Babu_wa_Chini
Umenikumbusha mbali. Mimi nilitandika nailoni vizuri kabisa, ila chini yake niliacha vipande vya mbao vya wakati wa ujenzi. Nikasema vitaoza vyenyewe. Mchwa wakaona wamejengewa hoteli. Wakapanda na nguzo, wakala boriti kwa ndani, nje imebaki ganda kama karatasi. Nilijua siku kabati la vitabu lilipoanza kuinamia kila anayepita kama linamsalimia. Lile kabati lilikuwa la marehemu baba. Nilikuja kuliuza, jambo ninalojutia hadi leo, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ulimi_Mbili
Uvunguni mimi siingii. Kuna mpangaji huko halipi kodi na hana miguu.

Saruji_na_Subira
Tatizo letu ni pupa. Rangi ya sebuleni tunachagua miezi miwili, msingi tunaukagua dakika mbili. Mtu anayedharau chini ya nyumba yake anadharau mengi.

BintiFundi
Sawa, Saruji. Mleta uzi, jibu hili: unyevu unazidi mvua ikinyesha, au kiangazi ni vilevile?

Kisiki_Kikavu
Ni vilevile. Hata mwezi mzima bila mvua. Juzi niliingia na tochi. Misumari iliyotokeza chini ya mbao, kila mmoja una tone linaning'inia kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nikachoma boriti kwa bisibisi, ikazama nusu kidole bila kusukuma. Ni ile iliyo chini ya bafu.

BintiFundi
Bafuni kulifanyika nini?

BintiFundi
Upo?

Kisiki_Kikavu
Nipo. Mwaka jana nilihamishia beseni la kuogea upande wa pili. Mabomba niliunga mwenyewe. Lakini tepu nilizungusha ya kutosha na nilikaa chini kule nusu saa nikitazama, halikudondoka hata tone. Kwa hiyo sioni uhusiano. Halafu nailoni nimeshanunua roli mbili, na matundu ya nyuma nimeshayaziba kwa saruji. Mke wangu anajua kazi ya bafu ilifanywa na fundi, naomba tusifike huko.

Nusu_Mita
Ngoja kwanza. Posti ya kwanza unauliza uzibe au uongeze. Sasa umeshaziba. Posti ya pili mabomba hayana shida. Sasa umeyaunga mwenyewe. Na kwenye uvungu wa nusu mita "ulikaa" nusu saa, ulikaaje, kama chura? Wakuu, hii ni chai. Weka picha.

Ulimi_Mbili
Nami nimeleta kikombe.

Mpiga_Msasa
Huyu anauza nyumba. Anataka harufu ipotee hadi mnunuzi asaini. Nimeshaona.

Kisiki_Kikavu
Siuzi nyumba! Nililala kifudifudi, nimesema kukaa kwa maana ya kubaki. Mtu anaomba msaada mnamfanya mwizi. Picha sipigi, simu ilishaanguka kwenye tope kule kule.

Nusu_Mita
Simu imeanguka kwenye tope, na hapa unaandika kwa nini, njiwa?

Saruji_na_Subira
Hata kama ni chai, kuna mtu mwenye tatizo hilo kweli anasoma. Tuheshimiane.

BintiFundi
Chai au si chai, mita haidanganyi. Usiku funga koki zote, hakikisha tanki la choo limejaa, kisha tazama mita ya maji. Kile kigurudumu kidogo kikizunguka, kuna bomba linavuja. Kisipozunguka bado hujapona, kwa sababu bomba la maji machafu halipiti kwenye mita: mwaga maji yenye rangi kwenye beseni, shuka na tochi.
Nusu saa yako ya mwaka jana haina maana. Maungio yanaweza kukaa makavu siku ya kwanza, yakalegea watu wakishaanza kukanyaga beseni kila siku.
Nailoni ni nzuri, ya unene wa milimita 0.15 kwenda juu, vipande vilaliane sentimita 30, ipande na ukutani. Lakini ni ya kuzuia mvuke wa udongo. Bomba likivuja juu yake utakuwa na bwawa. Na mbao ikishapita asilimia 20 ya unyevu, ukungu unaoozesha unaanza kuwinda nafasi. Hiyo boriti inayomezwa na bisibisi, fundi aianze hiyo Jumamosi. Kama kuna hita ya gesi inayovuta hewa huko chini, hayo matundu uliyoziba fungua leo, usingoje Jumamosi.

Kisiki_Kikavu
Hita hakuna.

Kisiki_Kikavu
Nimefunga koki zote. Kigurudumu kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka. Labda ni tanki la choo.

BintiFundi
Funga koki ya tanki.

Kisiki_Kikavu
Nimefunga. Bado.

Mpiga_Msasa
Sasa shemeji anaambiwaje?

Kisiki_Kikavu
Amesimama mlangoni. Anauliza natafuta nini kwenye mita saa tano usiku.

Kobe_Mgeni
Habari wakuu, sijasoma uzi wote. Ile roli ya pili ya nailoni kama huitumii, naiomba.