Kwa kasho (selo ya polisi): utaje kifungu cha 18 ao ulipe tu?

Yaya wa Katuba: Wandugu wa Lubumbashi, mutusaidie. Mudogo wangu walimukamata jana magaribi na pikipiki yake. OPJ, ule polisi wa upelelezi, anaomba feza, karatasi ya kuonyesha tumelipa hakuna. Mama anataka tutoe, mutoto asilale tena kwa kasho. Miye nasema hapana: Katiba ya Congo ya 2006, kifungu cha 18, kukaa kwa polisi haipite saa 48. Tukilipa kila mara, ile kifungu itatumika siku gani? Tena walimusainisha PV (maelezo yenye polisi wanaandika) ya Kifaransa, na yeye masomo aliachia primere.

Mukubwa Kampemba: Nani anasaini karatasi asiyoisoma? Watu wa Katuba bana!

Mama Bukari: Weye wa Kampemba, ulishalala kasho hata usiku moja? Kijana wangu nilimupelekea bukari (ugali) na lengalenga, mulinzi akachokora bukari yote na kifuniko ya kalamu, eti anatafuta telefone. Njo unaongea Katuba?

Damu ya Bukavu: Kifungu hicho hakisemi saa 48 tu. Sababu ya kukamatwa unaambiwa palepale, tena kwa lugha unayoielewa. Waandike basi hati ya maelezo kwa Kiswahili safi, mambo yaishe.

Mukubwa Kampemba: "Hati ya maelezo" 😂 Ndugu, hapa hata OPJ ataomba mutu wa kumutafsiria. Kiswahili yenu muiache Bukavu.

Damu ya Bukavu: Yetu ndiyo yenye mifupa. Yenu ni supu.

Mwana Lushi: Polisi aliyenisimamisha miye aliongea Lingala tupu. Katiba ina lugha za taifa nne, na zote nne zilishanipiga amande (faini).

Mama Bukari: Mutoto wa watu iko ndani, nyie munapima supu.

Avoka bila koti: Turudi. Saa 48 si tiketi ya nyumbani. Zikiisha, anaachiwa ao anapelekwa mbele ya wenye sheria, maana yake parke, waendesha mashitaka. Na parke ikimushika, hesabu nyingine inaanza. Kwa hiyo usikae tu kuangalia saa. Haki ya kuongea na familia ao avoka (wakili) wake anayo tangu dakika ya kwanza, na kifungu cha 19 kinamuruhusu avoka hata mbele ya polisi. Nenda uombe kumuona, polepole, bila kupiga kelele za Katiba mulangoni.

Mukubwa Kampemba: Avoka anatafuta kliya, muteja wa kumulipa. Piga hesabu: yeye anakula ngapi, OPJ anakula ngapi? Miye nalipa kidogo, nalala kwangu.

Yaya wa Katuba: Weye ukilipa, bei ya mudogo wangu njo inapanda!

Mukubwa Kampemba: Mudogo wako angetembea na karatasi za pikipiki, tungekuwa tumelala wote.

Mwana Lushi: Kwani yeye alisema karatasi hazikuwepo?

Yaya wa Katuba: Sikusema. Basi, mama ameshafunga bukari, na feza ameifunga kwa ncha ya kikwembe. Tuko tunatoka. Anasema kifungu itatukuta mbele.

Damu ya Bukavu: Kifungu *kitatukuta*.

Mama Bukari: Weye, nitakutafuta.