Acheni kutupatia rosti kwa jina la nyama ya kukaanga ya Kithai

Wakuu, salaam.

Huu ni uzi wa malalamiko na sitazunguka. Resipi za "nyama ya ng'ombe na mboga za Kithai" zinazozungushwa kwenye magrupu na kwenye video zinawatia watu hasara. Mtu ananunua nusu kilo ya steki, brokoli, hoho za rangi tatu na chupa ya sosi ya chaza (oyster sauce) ambayo si ya bei rahisi. Anafuata maelekezo neno kwa neno, mwishoni anapata nyama ngumu ya kijivu inayoelea kwenye maji ya kahawia. Akiuliza, anaambiwa hajui kupika. Asiyejua ni aliyeandika.

Kosa baya kuliko yote ni hili: "weka nyama yote, funika, acha iive dakika 20." Funika?! Nyama nyembamba inatoa maji mara tu inapopata moto. Ikiwa nyingi kuliko nguvu ya jiko, maji yanatoka haraka kuliko yanavyokauka, na maji yakishatuama kwenye karai joto lake halipandi tena juu ya nyuzi 100. Hapo unachemsha. Nyama haipati rangi, wala ile harufu ya kuungua kidogo ambayo ndiyo utamu wenyewe. Jiko la gesi la nyumbani halina moto wa majiko ya wapishi wa Bangkok, kwa hiyo cha kupunguza ni nyama. Karai la sentimita 30 linabeba gramu 200 kwa awamu, basi. Una gramu 400? Kaanga mara mbili. Pasha karai tupu mpaka lianze kufuka moshi, weka mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula, tandaza nyama, usiiguse kwa sekunde 40 hivi. Upande wa chini ukishika rangi geuza, sekunde 30 nyingine, toa. Katikati itakuwa bado na wekundu, itamalizikia ikirudi kwenye karai. Sikiliza mlio: ukiacha kuchachatika ukaanza kutokota, umeshajaza mno. Toa nusu palepale.

Halafu ukataji. "Kata vipande vya wastani." Wastani wa nani? Andikeni milimita 3, na andikeni kwamba kisu kinakatisha nyuzi za nyama, hakifuati urefu wake. Ukiilaza steki kwenye ubao unaiona mistari imeelekea upande mmoja; kisu kiikingame. Ng'ombe wetu wengi ni wa malisho, wametembea sana, na nyuzi ndefu za ng'ombe wa namna hiyo hazitafuniki hata uzikaange kwa ufundi gani. Nyama ikiteleza mkononi, iweke friza dakika 30 hadi 40 ikaze bila kuganda. Sarara ndiyo bora, steki inatosha. Nyama ya mchanganyiko inataka moto mdogo kwa muda mrefu, msimdanganye mtu kwamba itaiva kwa dakika moja na nusu.

Kwenye kulainisha ndiko kuna upotoshaji wa hatari. Kuna anayeshauri magadi! Magadi ni makali kuliko beking soda na yanaacha ladha ya sabuni. Kinachotakiwa ni beking soda (si beking pauda, wala hamira), nusu kijiko cha chai kwa gramu 400, pamoja na vijiko viwili vya maji. Changanya, acha dakika 15 hadi 20, osha kwa maji mengi, kamua, kausha kwa kitambaa safi. Usipokausha umerudi kulekule kwenye kuchemsha. Papai bichi nalo ni la mishkaki yenye vipande vinene. Kwenye nyama ya milimita 3 likikaa saa nzima linaifanya isagike mdomoni bila kutafunwa. Baada ya kukausha, tia sosi ya soya nyepesi kijiko kimoja cha chai, wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chai (ule mweupe laini wa kufanya mchuzi uwe mzito, si sembe) na mafuta kijiko kimoja cha chakula. Dakika 10 zimetosha. Ushauri wa kuilaza kwenye soya usiku kucha unaleta nyama ya chumvi iliyokakamaa.

Sasa sosi. Nimeona asali, tomato sosi, bizari ya pilau, mafuta ya ufuta, na zote zimeandikiwa "ya Kithai". Ni kweli ukaangaji wa karai ulifika Thailand na wahamiaji wa Kichina, na sosi ya chaza asili yake ni Guangdong. Lakini mkono wa Kithai unaonekana kwenye vitu viwili: sosi ya samaki, yaani nam pla, inayotokana na samaki wadogo waliovundikwa kwenye chumvi kwa mwaka mmoja au zaidi, na kitunguu saumu kilichotwangwa pamoja na pilipili. Anayesema "kama huna sosi ya samaki ongeza soya" amekutoa Thailand kabisa. Divai ya mchele pia haihitajiki hapa, kwa hiyo wasiotumia pombe wasiache chakula hiki kwa sababu ya resipi ya mtu.

Kwa gramu 400 za nyama na gramu 300 za mboga: sosi ya chaza vijiko 2 vya chakula, soya nyepesi kijiko 1 cha chakula, sosi ya samaki vijiko 2 vya chai, sukari kijiko 1 cha chai, pilipili manga nyeupe robo kijiko cha chai, maji vijiko 3 vya chakula. Ukiwa na soya nyeusi nzito, nusu kijiko cha chai kwa ajili ya rangi. Koroga kwenye bakuli KABLA ya kuwasha jiko. Chumvi usiongeze, sosi tatu zote zina chumvi. Twanga punje 5 za kitunguu saumu na pilipili kichaa 4 mpaka vipasuke, visiwe uji.

Mboga haziivi sawa, basi zisiingie pamoja. Brokoli ichovye kwenye maji yanayochemka dakika moja, ichuje, ikauke. Baada ya nyama kutoka, punguza moto, ongeza mafuta kidogo, tia saumu na pilipili kwa sekunde 15 tu, kwa sababu saumu ikiwa kahawia inakuwa chungu na uchungu huo hauondoki. Pandisha moto, karoti nyembamba na kitunguu dakika moja, kisha hoho na brokoli dakika moja. Rudisha nyama na majimaji yake, mwaga sosi pembeni mwa karai, siyo juu ya mboga. Geuza kwa sekunde 30 hadi 40, zima. Hoho inatakiwa ilie mdomoni. Mchuzi uishike nyama na ubaki vijiko vichache tu chini, wali utaumalizia.

Kwenye majani nimechoka kabisa. Msiwaambie watu watie mrihani wowote kisha mkaita phat kaphrao. Kaphrao ni mrihani wa aina nyingine, mkali, wenye harufu inayokaribia karafuu. Na phat kaphrao ni nyama, saumu, pilipili na majani hayo. Wathai wenyewe wanagombana kuhusu wanaotia hata maharage marefu. Ukiwa na mrihani wa Pwani utumie, unanukia vizuri, ila sema umetumia mrihani.

Jibu #2
Mkuu umesema kweli tupu. Ila sisi tusio na gesi? Tunapikia mkaa.

Jibu #3
Mdau wa #2, mkaa unafaa sana, usidharau jiko lako. Lile jiko la kauri la Kenya la mwanzoni mwa miaka ya 1980 limechukua muundo wa jiko la ndoo la Thailand, kwa hiyo ni ndugu. Subiri makaa yote yawe mekundu, moshi uishe, karai la chuma likae karibu na makaa. Tatizo ni kwamba mkaa huwezi kuupunguza kwa ghafla: zamu ya saumu ikifika inua karai, lishike pembeni, kisha lirudishe. Nyongeza nyingine: kule wanatumia mboga ya khana ambayo ni ya jamii moja na sukuma wiki. Sukuma changa inafaa, mabua yakatwe membamba yatangulie dakika moja, majani yafuate mwishoni kwa sekunde 30.

Jibu #4 (mleta uzi)
Asante #3, hilo la sukuma nilitakiwa niliandike mwenyewe.

Kuna aliyeniuliza inbox kuhusu kikaango kisichogandisha chakula, kile chenye utando wa teflon, kwa sababu video moja inaagiza kukipasha kitupu mpaka kifuke moshi. USIFANYE HIVYO. Ule utando unaanza kuharibika kwenye nyuzi 260 hivi, na kikaango kitupu kwenye moto mkali kinafika huko ndani ya dakika chache, kikitoa mvuke usiofaa kuvutwa. Kama ndicho ulichonacho, weka mafuta kabla ya kuwasha, moto uwe wa kati kwenda juu, nyama gramu 150 kwa awamu. Rangi itakuwa hafifu lakini haitachemka kwenye maji yake. Na anayeweka ile video aifute au aandike karai la chuma.