Lisbon na mama mwenye goti bovu: tulale Alfama au Baixa?

Mwana wa Changamwe
Wakuu, salaam. Novemba, Mungu akipenda, nampeleka mamangu Lisbon, Ureno, siku tano. Binamu anayeishi huko ashanitumia picha ya chumba Alfama, mtaa wa zamani: kijidirisha, nje kumeanikwa mashuka, bei imetulia. Mama ana miaka 68 na goti la kulia lamsumbua. Mke wangu anataka hoteli ya mtaa wa Baixa. Mwingine kaniambia kulala Alfama ni kuwafukuza wenyeji. Tulale wapi?

Bi Shangazi
Mwanangu, mimi nimelala Alfama. Teksi ilitushusha chini, dereva akanyoosha kidole juu: ndiko huko. Ngazi, kona, ngazi tena. Begi la magurudumu juu ya vile vijiwe linanguruma kama kinu cha kusaga mahindi, watu wakafungua madirisha kututazama. Vikiloa mvua, vinateleza kama vimepakwa mlenda, na Novemba ni mwezi wa mvua. Baixa ni tambarare. Kutoka uwanja wa ndege panda metro nyekundu, shuka Alameda, chukua ya kijani mpaka Rossio. Akitaka kuona ngome ya juu, mtaa wa Fanqueiros kuna lifti ya bure inapunguza mlima.

Msomi wa Ilala
Baixa haina roho. Iliteketea yote kwa tetemeko la 1 Novemba 1755, ikajengwa upya kwa rula, mitaa imenyooka kama shamba la mkonge. Alfama ndiyo iliyonusurika, hata jina ni la Kiarabu. Mtu atoke Mombasa aende Ulaya kuangalia rula? Magoti yapo tu, hata nyumbani yanauma.

Bi Shangazi
"Magoti yapo tu"! Una mama wewe?

Msomi wa Ilala
Ninaye, yuko Lushoto, ana miaka 71 na anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Shida ni nyie wa pwani, mmezoea kukaa barazani.

Mkunazini
Baraza zimeingiaje hapa? Kaka kauliza pia kuhusu wenyeji, mumeliruka. Mimi nilikaa Alfama wiki moja. Mlango wa nyumba ile ulikuwa na visanduku vitano vya funguo za wageni na mwenyeji mmoja tu, bibi aliyekaa kizingitini akiuza ginjinha, pombe tamu ya cheri, kwa vikombe vidogo. Jiji lenyewe lilisimamisha vibali vipya vya nyumba za wageni mitaa ile mwaka 2018, maana wapangaji walikuwa wanaisha. Mji Mkongwe tunalia nyumba zinageuka hoteli, kisha tukifika kwa watu tunafanya yale yale.

Msomi wa Ilala
Kwa hiyo wewe ulilala, mwenzio asilale. Safi sana.

Mkunazini
Ndiyo, nililala. Ndiyo maana najua.

Kipusa wa Muscat
Jamani mtapigana. Laleni mtaa wa Belém karibu na babu yetu Vasco da Gama, kazikwa pale ndani ya monasteri ya Jerónimos 😀 Si ndiye aliyetuletea maneno ya Kireno: meza, leso na pesa?

Bin Kilindini
Babu yako, si yetu. Mombasa 1498 hatukumtaka, ikabidi aende Malindi, na wenzetu wakampokea kwa ngoma na kumpa rubani, Ahmad bin Majid. Shukrani yake twaijua: 1505 Almeida, Mreno mwenzake, akaja, akaipiga Kilwa, kisha akaichoma Mombasa.

Mtu wa Malindi
Tumeanza tena! Mgeni kaja na kiu, mlitaka tumfukuze? Na hilo la Ibn Majid wanahistoria washalikataa zamani, wengi wao wasema rubani alikuwa Mgujarati. Soma kwanza, ndugu yangu, ndipo ulaumu.

Msomi wa Ilala
Na pesa si ya Kireno, ni paisa ya Kihindi. Meza sawa, leso sawa. Mnalosahau ni gereza: ni igreja, yaani kanisa. Sijui babu zetu waliona nini ndani ya lile kanisa.

Bin Kilindini
Waliona Fort Jesus! Na hiyo nayo msiwape Wareno sifa yote. Mchoro ni wa Mtaliano, Cairati, 1593, mawe ni ya matumbawe yetu, na 1698 Waomani wakawatoa.

Kipusa wa Muscat
Waomani mmewataja wenyewe, asanteni 😀

Mwana wa Changamwe
Wakuu, chumba… Nimemsomea mama haya. Kasema Belém kwa huyo marehemu hakanyagi, hata kwa hizo keki zao. Halafu kaniuliza, huko kuna msikiti?

Bi Shangazi
Upo, msikiti mkuu karibu na Praça de Espanha, metro ya bluu. Chakula cha halali kipo Martim Moniz, kituo kimoja tu kabla ya Rossio: ingia mtaa wa Benformoso, kumejaa Wabangladeshi, biriani utainusa kabla hujaiona. Tramu 28 msipande mchana, watu wamebanana na wezi wa mifukoni wanajua kazi yao. Weka na euro 4 kwa kila mtu kila usiku, kodi ya jiji. Na mwambie mama afunge leso nzito begini, ule upepo wa mtoni si mchezo.

Mkunazini
Leso nzito? Bi Shangazi, hiyo ni kanga.

Bin Kilindini
Ni leso. Kanga ni ndege.

Mkunazini
Huku kwetu leso ni ya kufutia pua. Unataka kuniambia mama zenu Mombasa huenda harusini wamejifunga vitambaa vya makamasi?