Komba wa Rondo anaisha kweli, au tunatishwa tu?

Mkulima wa Juu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa. Kijijini kwetu huku Rondo, Lindi, kila baada ya muda linakuja gari, mkutano unaitishwa chini ya mwembe, tunaambiwa tusisogeze mashamba kuelekea msituni kwa sababu kuna komba, yule mnyama mdogo wa usiku, anakaribia kutoweka duniani. Sasa mimi komba nawasikia kila siku. Wanashuka mpaka kwenye mikorosho. Kwa mjomba wangu Sudi wanapanda minazi na kunywa tembo la watu kwenye vibuyu. Mnyama anayelewa pombe ya binadamu anaishaje? Mwenye kujua aniambie ukweli, siasa nimezichoka.

Kijana wa Mtama:
Lima ndugu yangu. Komba hajawahi kumlipia mtu ada ya shule.

Mzee Doria:
Mkulima, umeuliza vizuri. Wewe wa Mtama tulia kidogo.

Nilikuwa mlinzi wa misitu hapohapo Rondo kabla ya kustaafu, nimewatembeza watafiti usiku mpaka magoti yakagoma. Unayemsikia kwenye mikorosho siye. Mlevi wa tembo ni komba mkubwa, yule anayelia hadi mgeni anadhani kuna mtoto katupwa kichakani. Huyo hana shida, anakula chochote na popote. Anayesemwa ni mwingine, mdogo kuliko komba wote: gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku. Mkia wake ni mwekundu-mwekundu, manyoya yamesimama. Wataalamu walimtangaza mwaka 1997 kwa jina la Rondo yetu, na baadaye akaingizwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani. Nje ya Tanzania hayupo. Na humu ndani yuko vipande vipande: hapa Rondo, Litipo, Chitoa, Ziwani kule Mtwara, halafu unaruka mpaka Pugu na Pande karibu na Dar, na Zaraninge upande wa Saadani. Katikati yake ni mashamba, vijiji na barabara.

Ukitaka kumwona, ingia msitu wa asili wenye vichaka vizito, tochi uifunge karatasi nyekundu, kisha simama kimya. Utaanza kumsikia: sauti inabiringika, mapigo mawili mawili. Halafu macho. Watu huangalia juu kwenye matawi, wanamkosa. Yeye yuko chini, pengine usawa wa kifua chako, kang'ang'ania kijiti kilichosimama wima. Ukipepesa jicho yuko kijiti cha pili. Anakwenda hivyo, shina hadi shina, akiwinda wadudu. Sasa mtu akifyeka chini akaacha miti mikubwa, anasema msitu si huo upo? Kwa huyu mdogo hakuna tena pa kushika. Ndiyo maana hata mitiki na misindano iliyopandwa baada ya mvule kuondoka kwa malori enzi za Waingereza haimsaidii, ingawa kwenye ramani inasomeka msitu.

Mama Nachi:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, ila hujamjibu huyo kijana. Wenzetu wa Nanjirinji kule Kilwa wanauza mpingo wa msitu wa kijiji, fedha inabaki kijijini. Huyu wa gramu 60 ana soko gani?

Mzee Doria:
Marahaba mama. Hana soko, hapo sibishi. Nanjirinji msitu ni wao, na Sheria ya Misitu ya 2002 inawapa nafasi ya kuvuna na kuuza wenyewe. Rondo ni hifadhi ya serikali, hesabu zake ni nyingine kabisa.

Lakini tuseme kweli kuhusu ufuta, maana ndio unaofyekewa mapori. Mtu anafyeka pori jipya kwa sababu udongo wa pale pa zamani umechoka na magugu yamemshinda, wala hana ugomvi na komba. Basi lile gari likija na bwana komba lije na bwana shamba pia. Kumwambia mkulima "usisogee" bila kumwonyesha namna ya kubaki palepale akavuna, huo ni mkutano wa kupoteza saa. Na vile vipori vya kijiji vilivyobaki nje ya hifadhi, serikali ya kijiji ivitenge na kuviwekea mipaka sasa hivi, kabla hatujaanza kugombania visiki.

Mkulima wa Juu:
Asante mzee, komba wale wawili nilikuwa nawachanganya. Sasa nina kipori kwenye korongo nyuma ya shamba, vichaka hata mbuzi hapiti, na usiku kuna kitu kinaita. Nilipanga kukichoma kabla ya mvua. Nitajuaje kama ni yeye?

Mzee Doria:
Giza likianza kuingia, nenda kakae pembeni urekodi kwa simu, kisha nitumie WhatsApp. Usiende na mbwa. Na kiberiti kiache nyumbani mpaka nikujibu.