Wazee wetu na Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams: tupeane uzoefu

Mzawa wa Lushoto
Wakuu, jana nimepanda daladala ya Mbagala, dereva kijana kabisa, spika inalia Jim Reeves. Nimepitilizwa kituo nimekaa tu. Marehemu mzee wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkali, akirudi nyumbani haongei na mtu. Ila Jumapili baada ya ibada anatoa redio kaseti nje, anaiweka juu ya stuli, ananyoosha miguu. Hapo ndipo unaweza kumwomba hela ya daftari. Tulikuwa tunavizia upande B, maana upande A bado anakumbuka makosa yako. Nani mwingine kalelewa na hizi kantri za Wamarekani?

Kaseti Tupu
Umenikumbusha mbali. Na ole wako redio imeze kanda siku uliyoweka wewe. Unavuta utepe taratibu, unachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu, unazungusha huku unaomba mzee asiamke. Pale ulipojikunja sauti inazama, halafu inaibuka. Mpaka leo nikimsikiliza Jim Reeves YouTube, pakifika pale pasipozama naona wamekosea wao.

Njugu Mawe
Hahaha upande B. Kweli tupu.

Wa Kinangop
Huku Kenya si mambo ya wazee peke yao, jameni. Sisi tulilelewa na Sundowner, kile kipindi cha muziki cha redio ya KBC, taa ya chemni, baba na kikombe cha chai mkononi. Hadi leo waimbaji wa mugithi, muziki wa gitaa wa Wakikuyu, wanapanda jukwaani na kofia za cowboy na gitaa moja, na Sir Elvis anaimba kantri Nairobi watu wanajaa. Mkulima wa viazi akisikia wimbo wa shamba, mvua na mke aliyeondoka, atauliza ni wa nchi gani?

Dogo wa 2000
Marekani nzima, ina Tupac, ina Beyoncé, nyie mkaokota babu anayembembeleza mwanamke kwenye simu 😂

Bi Mkubwa 1950
Mjukuu wangu, kaa chini. Dolly Parton aliimba mwaka 1971 habari za koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya matambara, akaenda nalo shule wenzake wakamcheka. Kwao walikuwa watoto 12, huko milimani Tennessee. Mimi sketi yangu ya shule ilikuwa na kiraka nyuma, cha kitambaa cha rangi nyingine. Kaka yangu aliyekuwa Tabora School ndiye aliyenieleza wimbo unasema nini, nikatoka nje nikalia nyuma ya choo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Marekani kuna mzungu mwenye kiraka. Tulijua wote ni kama wale wa kwenye sinema.

Mwana Azimio
Naona mnasifia tu. Huyo Jim Reeves mwaka 1962 alikwenda kutumbuiza Afrika Kusini ya makaburu, akarudi kucheza filamu hukohuko, akaimba hadi Kiafrikana. Mwaka 1964 ndege yake inaanguka karibu na Nashville, mwaka huohuo wapiganaji wa ANC wanapiga kambi Kongwa, kwetu hapa. Baba zetu wana kadi za TANU mfukoni na sebuleni analia huyo. Halafu Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam, muziki wa weusi wenzetu! James Brown kafukuzwa, mpenzi wa makaburu kaachwa.

Bi Mkubwa 1950
Mwanangu, nilikuwepo, wewe umesoma. Soul ilikuwa ya madansi ya vijana, suruali za kubana, mini na mawigi. Vijana wa TANU walikuwa wanakamata watu Kariakoo, mimi mwenyewe nimekimbizwa. Kantri ilikuwa ya baba mtu na redio yake. Nani atamkamata mzee aliyekaa kwenye kiti?

Mwana Azimio
Bado hujajibu makaburu, mama.

Bi Mkubwa 1950
Na sijibu.

Mlalahoi Texas
Mimi nipo Houston. Mwaka juzi niliendesha hadi Carthage alikozikwa Jim Reeves. Kuna sanamu yake kando ya barabara, na mbwa wake kazikwa jirani. Nilikuwa peke yangu. Kazini nikawaonyesha picha vijana, weusi kwa weupe, hakuna aliyemjua hata mmoja. Wakaniuliza nimetoka Afrika kuja kutafuta kaburi la huyu? Na huyo ndugu wa Azimio aelewe, kantri si ya wazungu peke yao. Banjo ina asili ya Afrika Magharibi, ilifika na watumwa. DeFord Bailey, mweusi, alikuwa anapuliza harmonika Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri cha Nashville, tangu miaka ya 1920. Charley Pride je? Baba yangu alikuwa na kanda zake bila kujua kuwa ni mweusi, kasha halikuwa na picha.

Dogo wa 2000
Na Februari 2025 Beyoncé kachukua Grammy ya albamu bora ya kantri. Kwa hiyo nilisema kweli.

Mtoto wa Dereva
Ngoja niwape ya kwetu. Mshua alikuwa dereva wa malori ya mafuta, Dar hadi Tunduma. Kanda zake zote aliandika mwenyewe ubavuni, wino wa kijani, J ina mkia mrefu unapita chini ya jina. Amefariki, tupo msibani Korogwe, usiku wa pili, vijana wanapiga kwaya. Kaingia mama mmoja na kijana, wametoka Makambako kwa basi, wakakaa mwisho kabisa wa turubai. Baadaye kijana kamfuata dada yangu mkubwa, katoa kanda kwenye bahasha: "Baba alisema siku akiondoka apigiwe hii." Dada kaangalia. Wino wa kijani. J yenye mkia. Akaipeleka ndani kwa bi mkubwa. Mama kavaa miwani, kaigeuza pande zote, kasema, "Hii ndiyo aliyoniambia ameisahau gesti Iringa."
Naendelea, bosi kaja.

Njugu Mawe
Weeeee! Bosi asubiri!

Wa Kinangop
Jameni usituache hapa.

Mwana Azimio
Chai hii. Leta picha ya kanda.

Kaseti Tupu
Chai au maziwa, mimi nimekaa siti ya mbele.

Mlalahoi Texas
Tulikuwa tunazungumza Charley Pride lakini sawa.

Mtoto wa Dereva
Picha siweki, ni mwandiko wa marehemu. Mama hakutoka tena usiku ule. Alfajiri katoka, swali lake la kwanza: "Wale wageni wa Makambako mmewapa uji?" Kijana ana jina la babu yetu. Nilidhani ni sisi tu tuliokuwa tunamngojea Jumapili na upande B, kumbe na wao kwa wiki zao. Sasa mirathi inakuja, kijana hataki nyumba wala shamba, anataka redio. Kaka yangu kasema redio haitoki.

Njugu Mawe
Pimeni DNA kwanza.

Bi Mkubwa 1950
DNA ya nini, mama yao kashawapa uji. Mpeni mtoto redio ya baba yake.

Dogo wa 2000
Mpeni shamba, bakini na redio. Akikubali mmepigwa 😂

Mwana Azimio
Kama ni kweli, nendeni mahakamani mkaandikishane, watoto wa nje nao wana hoja zao. Kama ni chai, ina sukari nyingi.

Mlalahoi Texas
Hizo kanda zihamishieni kwenye kompyuta haraka, utepe unaota ukungu. Kariakoo mafundi wapo.

Kaseti Tupu
Usimpe fundi, atairudisha na singeli. Nunua redio ya mtumba, waya mmoja, unarekodi mwenyewe. Halafu nani ana ile ya Krismasi ya Jim Reeves, ya 1963? Yangu shangazi aliirekodia kwaya juu yake.

Wa Kinangop
Niko nayo. Ila upande B pekee ndio unalia.